Karatasi za Karanga

Pale chuoni walimwita Mzee Viti. Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la ofisi ya utumishi, na huko lilikaa. Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza ukumbi wa Kitivo cha Sheria. Alipanga viti, akatandika kitambaa cha kijani kwenye meza kuu, akajaza maji kwenye glasi, na watu walipotaka kuuliza maswali alizunguka na maiki. Shule hakukanyaga. Sheria alizisikia zote, amesimama mlangoni.

Ukumbi ule aliujua kuliko chumba chake. Alijua kwamba safu ya kwanza haikaliwi mpaka Mkuu wa Kitivo aseme jamani sogeeni mbele. Alijua feni ipi inapiga kelele mgeni akianza kuongea. Wakimwambia watakuja watu mia mbili, yeye alipanga viti mia na ishirini.

"Mzee, hivi viti havitoshi," karani wa kitivo alilalamika kila mara.

"Vitatosha. Na wakisimama watatu wanne nyuma, mgeni rasmi atafurahi. Ataona watu wamefurika kwa ajili yake."

Na kweli, mgeni rasmi alifurahi.

Shughuli hazikukauka. Kulikuwa na mahakama ya mazoezi, wanafunzi wamevaa majoho ya kuazima, wanaitana msomi mwenzangu, na jana yake tu walikuwa wakigombania ndoo bwenini. Kulikuwa na mihadhara ya wageni na uzinduzi wa vitabu. Na kila Jumatano mchana kulikuwa na semina ya walimu.

Semina ndiyo iliyomshangaza. Mwalimu analeta makala aliyoisumbukia mwaka mzima, anaisoma, kisha wenzake wanamchana. Wamekunywa chai, wamekula biskuti, halafu wanamwambia kazi yake haina kichwa wala miguu. Naye anainama na kusema ahsanteni sana.

"Wamesoma miaka yote ile ili watukanane kwa adabu," Mzee Viti alimwambia mkewe.

Mkewe alicheka mpaka karanga zikamwagika.

Mkewe aliuza karanga langoni mwa chuo, kwa hiyo wanafunzi walimwita Bi Karanga. Alikuwa amesoma kidogo, kiasi cha kumtosha. Jioni walikaa barazani wote wawili. Yeye anasokota karatasi kama pembe na kujaza karanga, mzee anakunja midomo ya zile pembe. Karatasi zilitoka semina. Kila Jumatano karani alileta nakala za makala ndani ya bahasha ya kaki, na watu wengi waliziacha hapohapo. Zilizobaki zilikuwa za Mzee Viti. Ulikuwa utaratibu wa siku nyingi, hakuna aliyeuandika. Miavuli, miwani na vitabu vilivyosahaulika viliwekwa kwenye kabati karibu na mlango. Karatasi za kwenye viti ni za mzee. Vya chini sakafuni ni vya Kimbunga.

Kimbunga alikuwa mfagiaji. Walimpa jina hilo kwa sababu ya mkono wake, uliofagia kama upepo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto watatu, mdomo haumkai.

"Mzee Viti," alikuwa akisema, "wewe na mimi ndio maprofesa wa kweli hapa. Wao wanaongea, sisi tunamaliza."

Bi Karanga alizoea kusoma mistari miwili mitatu kabla hajasokota. "Leo tunafungia sheria ya ardhi," angesema. Au, "Leo karanga zina katiba, watu watavimbiwa." Mzee alipenda siku hizo. Baadaye ndipo alipojua kwamba alizipenda.

Basi ilikuwa Jumatano moja, miaka minne iliyopita. Zamu ya kusoma ilikuwa ya mwalimu mpya. Wanafunzi walimwita Daktari Mdogo, maana alikuwa mfupi na umri wake haukuwapita sana. Alikuwa amezunguka vijijini mwaka mzima akiongea na wajane. Sitini, alisema. Aliwauliza nyumba walizojenga na waume zao zilikwendaje baada ya msiba. Alikuwa ameyaandika majibu yao kwa mkono, palepale walipokaa.

Hakufika mbali. Profesa mmoja mzee, mwenye kikohozi na kauli, akamkatiza.

"Hizi ni hadithi za jikoni," akasema. "Sheria iko wapi hapa? Mwanangu, haya yote yatupe. Anza upya."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Daktari Mdogo akasema ahsante. Sauti haikutoka vizuri. Semina ilipokwisha alitoka haraka, mkono umefunika uso, na Mzee Viti aliyekuwa mlangoni akamwona. Analia.

Ukumbi ukabaki mtupu. Mzee akaanza kukusanya. Kwenye kiti cha safu ya mwisho, alipokuwa ameketi Daktari Mdogo kabla hajaitwa mbele, palikuwa na bahasha ya kaki. Akaifungua. Karatasi nyingi. Kusoma hakujua, lakini maandishi ya mashine na ya kalamu aliweza kuyatofautisha. Haya yalikuwa ya kalamu, mistari imebanana, mengine yamefutwa na kuandikwa juu yake.

Alisimama nayo kidogo.

Kabati lilikuwa hatua sita tu kutoka pale. Lakini Profesa alikuwa amesema zitupwe. Mtu mkubwa, mwenye kusomea mambo, amesema mbele ya watu wote. Na ilikuwa bahasha ya kaki, na ilikuwa juu ya kiti, na mkewe alimwambia asubuhi kwamba karatasi zimekwisha. Akaitia kwenye mfuko wake.

Jioni ile Bi Karanga alisokota. Alishasokota nyingi, beseni linakaribia kujaa, ndipo akavuta taa karibu akasoma moja. Mikono ikasimama.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Semina."

"Hizi zimeandikwa kwa mkono, mume wangu. Hizi si za kutupa."

"Profesa mwenyewe kasema zitupwe. Nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Na mwenye karatasi alisemaje?"

Mzee akakunja mdomo wa pembe moja.

"Nakuuliza. Alisemaje?"

"Alilia."

"Basi kesho asubuhi mrudishie." Akachukua nyingine. "Sikiliza hii." Akasoma. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyefiwa. Shemeji zake walitaka nyumba, yeye hataki kutoka. Basi wakaja na patasi wakang'oa mlango. Hawakumpiga, hawakumtukana. Waliubeba mlango wakaondoka nao. Yule mama akatundika kanga pale mlango ulipokuwa, akalala nyuma ya kanga usiku kumi na moja, na panga pembeni. Usiku wa kumi na mbili mvua ikanyesha, akaondoka.

"Usiku kumi na moja," Bi Karanga akasema. "Nyuma ya kanga."

Mzee alikuwa amechoka. Miguu ilimuuma. Alikwishajua kwamba amekosea, na hakuna kinachokera kama kuambiwa kosa unalolijua. Akatamka neno ambalo mpaka leo analisikia.

"Kujua kusoma kusikufanye hakimu. Sokota karanga zako."

Bi Karanga alimtazama. Kisha akasokota ile ya mlango, akaijaza, akaitupia kwenye beseni. Hakusoma tena kwa sauti. Si jioni ile, si jioni nyingine yoyote.

Kesho yake Daktari Mdogo alikuja ukumbini mbio, hajachana nywele.

"Baba, shikamoo. Kuna bahasha niliisahau jana, kiti cha nyuma. Ya kaki. Umeiona?"

Hapo ndipo pangekwisha. Angesema nimeiona, iko kwangu, nusu imekwenda, nisamehe. Angefokewa, basi. Lakini nje ya dirisha, langoni, wanafunzi walikwisha kumzunguka Bi Karanga, na karatasi za Daktari Mdogo zilikuwa mikononi mwao.

"Sijaona, mwanangu," akasema.

Maneno mawili.

Yakageuka makubwa. Daktari Mdogo alikwenda kwa Mkuu wa Kitivo. Mkuu akawaita Kimbunga na Mzee Viti pamoja. Kimbunga akaeleza kama ilivyokuwa.

"Mimi ni wa chini, mkuu. Sakafu. Vya kwenye viti ni vya mzee."

"Mzee?" Mkuu akauliza.

"Mimi vilivyosahaulika naviweka kabatini, mkuu. Funguo hizi hapa. Fungueni."

Wakafungua. Miavuli mitatu, miwani, kofia moja. Bahasha hakuna. Mzee Viti alikuwa na miaka ishirini na saba kazini, hajawahi kupoteza hata kijiko. Kimbunga alikuwa na miaka miwili na mdomo mrefu. Nani angeulizwa mara ya pili?

Siku mbili Daktari Mdogo na Kimbunga walichakura jalala la chuo. Yeye amevaa glovu za jikoni, Kimbunga mikono mitupu. Hawakupata. Siku ya pili, mbele ya watu, Daktari Mdogo akamgeukia Kimbunga. "Umezichoma. Umeona uvivu kuuliza, ukachoma mwaka wangu mzima." Kimbunga kwa mara ya kwanza hakuwa na neno. Alimtazama Mzee Viti. Mzee Viti akatazama viti.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila mwanafunzi aliyepita na karanga, mzee alimwangalia mkono. Siku moja alimwona Mkuu wa Kitivo mwenyewe amesimama kwenye ngazi, anatafuna, anacheka na wageni. Kisha akakunja karatasi kuwa kidonge akaitupa kwenye maua. Ilikuwa na mwandiko wa kalamu. Mkuu alikuwa amekula karanga ndani ya ushahidi anaoutafuta, na hakujua. Mtu mwingine angecheka. Mzee Viti alikwenda chooni akakaa.

Alipofika nyumbani siku ile alimuuliza mkewe, "Zile karatasi zimebaki?"

"Kwa nini?"

"Zilizobaki zichome."

Bi Karanga alikuwa akichagua mawe kwenye karanga. Hakuinua kichwa. "Zimekwisha," akasema.

Mwisho wa mwezi Kimbunga aliandikiwa barua ya onyo. Mkataba ulipokwisha hawakumpa mwingine. Bi Karanga akaacha karatasi, akafungia karanga kwenye mifuko midogo ya nailoni. Kuhusu bahasha hakusema tena kitu. Ila mara mojamoja, labda wanakula, labda anamwekea maji ya kuoga, aliuliza tu:

"Kimbunga yuko wapi siku hizi?"

"Sijui," mzee alijibu.

Alijua. Kimbunga alipata kazi ya kufagia soko la mboga, upande wa pili wa mji. Njia fupi ya kutoka chuoni kwenda nyumbani kwa Mzee Viti ilipita sokoni hapo. Miaka minne alizungukia barabara ya hospitali. Mkewe aliona viatu vyake vinarudi na vumbi jekundu, na vumbi jekundu lilikuwa la barabara ya hospitali.

Bi Karanga aliugua mwaka huu, mwanzoni. Haikuchukua muda. Siku tatu kabla hajafa aliuliza tena, kwa sauti iliyobaki, kama amemwona Kimbunga.

"Sijamwona," mzee akasema.

Bi Karanga akafumba macho. Hakuuliza tena.

Mwezi wa tano baada ya mazishi, binti yao wa mwisho alikuja kupanga vitu vya mama yake. Mzee alikaa barazani. Hakuweza kuingia. Alisikia vyombo vinagongana, kisha kimya, kisha binti akatoka na kopo la bati, lile kubwa la karanga, la chini kabisa.

"Baba, hizi nini?"

Ndani palikuwa na karatasi. Za juu zilikuwa safi, zimenyooka. Binti akaendelea kutoa. Za chini zilikuwa na mistari ya kusokotwa, zina mafuta ya karanga, zina chumvi, nyingine zina alama ya kiatu. Zote zilikuwa zimenyooshwa kwa pasi.

"Mama aliokota takataka?" binti akauliza. "Hii imekanyagwa. Baba?"

Mzee alichukua ile iliyokanyagwa. Akaona yote. Mkewe, na mgongo wake unaouma, ameinama langoni wanafunzi wakiondoka, anaokota mojamoja, anapepeta vumbi, anaweka kifuani. Anarudi nyumbani, anangoja mume atoke, anawasha pasi ya mkaa. Na mume anarudi na kusema zichome.

"Baba, mbona hivyo? Nikuletee maji?"

"Zihesabu," akasema.

Zilikuwa hamsini na tatu.

Alikaa nazo miezi miwili. Kila asubuhi alisema leo. Kisha karani wa kitivo akaja ukumbini na tangazo.

"Mzee, tuna uzinduzi wa kitabu. Ijumaa ijayo, saa tisa. Kitabu cha Daktari Mdogo, kile cha wajane. Watu mia tatu. Na tafadhali, safari hii weka viti vya kutosha."

Ijumaa ile Mzee Viti alipanga viti mia tatu. Karani alishangaa. Alitandika kitambaa cha kijani mpaka chini, na chini ya meza ya vitabu, nyuma ya kitambaa, akaweka kopo la bati.

Walijaa. Yule Profesa wa kikohozi alikuwapo, amestaafu, ameketi safu ya kwanza, na alipopewa nafasi akasema yeye tangu mwanzo aliona kazi hii itafika mbali. Watu wakapiga makofi. Mzee Viti akashika maiki kwa nguvu.

Kisha Daktari Mdogo akasimama. Hakuwa mdogo tena. Alikuwa na miwani na mvi mbili tatu.

"Kitabu hiki nimekiandika mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza maelezo yote yalipotea humu ndani, ukumbini humu. Nilirudi kwa wale akina mama. Imenichukua miaka miwili. Kati ya sitini, nimewapata hamsini na wawili. Wanane sikuwapata. Wengine wamehama, hakuna ajuaye wapi. Wengine wamefariki." Akaweka kitabu mezani. "Kuna mmoja wao aling'olewa mlango. Siku ile nilipoondoka kwake alinishika mkono, akaniambia, mwanangu, andika mlango wangu. Nikamwambia nimeuandika, mama. Niliporudi nilionyeshwa kaburi. Habari yake naikumbuka nusunusu. Siwezi kuiweka kitabuni kwa kubahatisha. Namwomba radhi, popote alipo."

Feni ikapiga kelele.

Yakaja maswali. Mzee Viti akazunguka na maiki, huku, kule. Mwanafunzi mmoja akauliza habari ya mirathi. Wakili mmoja akauliza swali ambalo lilikuwa hotuba. Kisha Mkuu wa Kitivo akasema, "La mwisho. Nani wa mwisho?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Maiki ilikuwa mkononi mwa Mzee Viti, imewashwa. Watu mia tatu. Alijiona ananyanyua mkono. Haukunyanyuka. Mkuu akasema basi tumshukuru Mungu, tumshukuru mwandishi, na watu wakainuka.

Hata hilo, akajiambia. Hata hilo umeshindwa.

Watu walipotoka akaanza kukunja viti. Daktari Mdogo alikuwa amebaki, anapanga vitabu kwenye boksi. Akamwita.

"Baba, njoo. Hiki chako." Alikuwa ameandika kitu ukurasa wa kwanza. "Nimeandika hapa: kwa baba yetu wa viti, aliyesimama mlangoni siku zangu zote mbaya na nzuri. Najua mama hayupo wa kukusomea. Njoo ofisini siku yoyote, nitakusomea mimi."

Kitabu kilikuwa kizito. Alikiweka juu ya meza, polepole, kama kitu cha moto.

"Mwanangu, usinipe hicho."

"Kwa nini, baba?"

Mzee Viti aliinama kwa shida, akafunua kitambaa, akatoa kopo. Akalifungua. Akampa.

Daktari Mdogo alitazama ile ya juu. Alitazama ya pili. Akavuta kiti, akakaa. Alizipitia zote, na Mzee Viti alisimama mbele yake kama wanavyosimama wanafunzi kwenye mahakama ya mazoezi, mikono haina pa kwenda.

"Zilikuwa wapi?"

"Kwangu. Nilizichukua mimi. Profesa alisema zitupwe. Lakini nilikuona unalia, kwa hiyo nilijua si za kutupa. Mke wangu alifungia karanga kabla hajajua. Alipojua aliniambia nirudishe. Nikakataa. Hizi ni alizozificha, na alizoziokota. Mimi nilimwambia achome."

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Miaka minne," Daktari Mdogo akasema.

"Ndiyo."

"Ulinitazama usoni ukasema hujaona. Nimechakura jalala, mzee. Nimechakura jalala na mikono hii." Hakumwita baba.

"Ndiyo."

Akazirudia karatasi, sasa kwa haraka, anatafuta. Alitenga tano pembeni. "Hawa watano ni wale niliowakosa," akasema. Akaendelea mpaka ya mwisho. "Wa mlango hayumo."

"Huyo najua habari yake."

"Unaijuaje?"

"Mke wangu alinisomea. Mara moja."

Akaieleza. Shemeji, patasi, mlango kubebwa bila tusi. Kanga. Panga pembeni. Mvua. Aliieleza vilevile, neno kwa neno, maana mtu asiyeandika huweka kichwani, na ile ilikuwa ya mwisho mkewe kumsomea.

Daktari Mdogo alisikiliza hajapepesa.

"Usiku ngapi?"

"Kumi na moja. Wa kumi na mbili ndio wa mvua."

"Mimi nilikumbuka tisa." Akavua miwani akaifuta, akaivaa. "Unajua tunachowafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili? Maneno ya mtu aliyesikia kwa mtu aliyesoma yaliyoandikwa na mtu mwingine. Huo si ushahidi. Hakimu angenifukuza."

"Nimesikia wakisema hivyo. Humu humu."

"Siwezi kuuweka kitabuni."

"Sawa."

Lakini alitoa kalamu. Akageuza tangazo la uzinduzi, upande mweupe, akaandika. Alipomaliza hakumwonyesha. Alilikunja akaliweka kwenye mkoba wake, peke yake, mbali na zile nyingine.

"Na Kimbunga?" akauliza.

Mzee Viti akashika mgongo wa kiti.

"Nilimwita mvivu mbele ya watu. Nilimwambia amechoma mwaka wangu. Ana watoto watatu." Akafunga kopo. "Mimi kitabu nimeshakiandika, mzee. Kazi yangu imerudi, hata kama imechelewa. Wa kuombwa radhi si mimi. Unajua aliko?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Daktari Mdogo akainuka. "Jumatatu nitamwandikia Mkuu barua. Nitaandika yote, na langu pia litakuwamo. Utaweka dole gumba?"

"Nitaweka."

"Wanaweza kukuondoa kwa aibu. Umebakiza miezi miwili ustaafu."

"Na waniondoe."

Daktari Mdogo akachukua boksi la vitabu. Kitabu kile chenye maandishi alikiacha juu ya meza. Hakumpa, hakukichukua. Viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee Viti alipita njia fupi. Soko lilikuwa halijachangamka. Kimbunga alikuwa akifagia majani ya kabichi kati ya vibanda, mkono uleule, ila mgongo umeanza kuinama. Alimwona mzee kwa mbali. Hakuacha kufagia.

"Viti! Leo umepotea njia?"

"Sikupotea."

"Barabara ya hospitali wameifunga?" Akacheka, kicheko kisicho na kitu ndani. "Nilikuona siku moja unapinda pale kona, nikasema mzee wa watu, hospitali kila siku, hii presha hii itamuua. Pole kwa mama. Nilisikia. Nilikuja mazishini, nikasimama nyuma. Hukuniona, au hukutaka."

"Kimbunga, ile bahasha..."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna." Ufagio ulikwenda, ukarudi. "Mkeo alikuwa akipita hapa kila Ijumaa. Ananiwekea karanga pale, juu ya lile tofali. Anasema, wape watoto. Anaondoka. Miaka mitatu na kitu. Nikajiuliza, huyu mama ananidai nini? Halafu nikajiuliza, au anahisi namdai? Nikajua. Nilitaka kwenda kwa Mkuu, ningekwenda hata kesho yake. Kila nikitaka kwenda, Ijumaa inafika."

Mzee Viti alitazama lile tofali. Lilikuwa tofali tu, limewekwa kuzuia mlango wa stoo.

"Ni mimi," akasema. "Si wewe. Nimeshamwambia Daktari. Jumatatu naweka dole gumba. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu. Nisamehe."

Kimbunga aliinama, akazoa majani, akayatia kwenye toroli. Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mwanangu mkubwa aliacha shule mwaka ule," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja tarehe. "Sasa anabeba magunia. Yule pale." Akaonyesha kwa kidevu. Kijana mrefu alikuwa anashusha viazi. "Nikikwambia nimekusamehe, yeye nimwambie nini?"

Mzee akamtazama yule kijana.

"Sogea, unanikanyagia taka."

Mzee akasogea. Akasimama kando ya tofali, kofia mkononi. Kimbunga alifagia mpaka mwisho wa vibanda, akarudi na upande wa pili, na muda wote hakumtazama. Alipofika karibu tena akasimama, akaegemea ufagio.

"Leo sina la kukujibu, mzee. Nenda. Ukitaka, pita kesho."

"Nitapita."

"Nasema tu pita. Sijasema nitakujibu."

"Nitapita," mzee akasema tena, akavaa kofia, akashika njia ya nyumbani, ile fupi.